Maneno Yaliyokatiwa Bukavu

Televizyo ya binti yangu iko saloni, juu ya kabati ya vyombo, na kiti changu mimi kiko karibu na mlango, mahali ninapoweza kutoka kama filamu inanichosha. Filamu za mapenzi sizifuati. Ninazozifuata ni zile za historia, zinazoonyesha watu wa zamani wasio na rangi, wanatembea haraka haraka kama kuku, na mtu mmoja anaeleza. Binti yangu huwaambia wageni, "Mama anapenda historia." Sijui kama ni kupenda. Ninaziangalia vile mtu anavyomwangalia mgeni aliyeingia nyumbani bila kupiga hodi.

Kwanza, yule anayeeleza haonekani. Ana sauti nzuri, ya chini, kama padri anayesoma barua ya askofu, lakini uso hana. Kwetu mtu akisimulia mambo ya zamani tunamuuliza: wewe ulikuwa wapi? Baba yako nani? Huyu utamuuliza vipi, na yuko ndani ya sanduku? Halafu picha zenyewe. Kuna mwanamke mmoja amebeba kikapu, kikwembe chake cha kitenge kimefungwa upande wa kushoto, anageuka na kucheka kidogo. Katika filamu moja walisema ni wa Katanga, siku za machimbo. Nikakaa miezi, katika filamu nyingine nikamwona tena, kikapu kilekile, kicheko kilekile, wakasema ni wa Kivu, wakati wa njaa. Nikamwambia binti yangu, "Mwangalie huyu, amehama."

Akasema, "Mama, bamama bote ba zamani banafanana."

Hapana, hawafanani. Sura ya mtu ikishaniingia haitoki, na jina ni vilevile. Shule niliachia darasa la pili, kwa masista, lakini majina ya watu niliokaa nao ninayo yote, mpaka jina la mbwa wa mzungu wa pamba. Hapa siyaandiki. Jina likishaandikwa linaweza kuitwa mbele ya shefu, mtawala wetu wa hapa, na mwenyewe hayupo kujibu.

Nikiwa na moyo wa namna hiyo, watu wa televizyo wakaja wenyewe kwetu Baraka, mwambaoni mwa ziwa.

Walikuwa wawili, kijana mwenye ndevu fupi ambaye ndiye mwenye filamu, na msichana wa suruali anayeshika kamera. Wametoka Bukavu. Walitaka kufanya filamu ya wakati wa pamba, wakati Wabelgiji walilazimisha kila nyumba ilime pamba, na wanawake waliibeba kichwani kutoka milimani hadi kwenye magazini, ghala la kampuni, huku mwambaoni. Magazini ile imebaki ukuta mmoja, umeota majani juu. Ukuta huo uko kando ya shamba letu.

Kusema "shamba letu" tayari ni kuanzisha maneno, basi niyamalize. Mama yangu alikuwa na nyumba kando ya magazini, akalima muhogo kuteremka mpaka kwenye matete ya ziwa. Vita ilipokuja tulivuka ziwa. Tulikaa kambini Tanzania miaka mingi, wengine wetu wakazaliwa huko, wengine wakazikwa huko. Niliporudi nilimkuta jirani yetu, mzee wa rika langu, analima pote. Yeye hakuvuka, alijificha milimani, juu ya Lubondja na kurudi mapema. Alisema mahali pote pale ni pa baba yake, aliyekuwa mpimaji wa pamba, na sisi tulikuwa tunapita tu, hata jiko hatukuwa nalo. Tukaenda lubunga, pale wazee wetu wa Kibembe wanapokaa kukata maneno. Wakayakata: yeye achukue juu, mimi chini, na mpaka uwe ule mstari wa michikichi. Lakini walikata bila shahidi, kwa kutuonea huruma sote wawili, na maneno yaliyokatwa hivyo hayalali. Kabla tu ya watu wa televizyo kuja, watoto wake walikuwa wameanza kuchoma matofali na kuyapanga upande wangu wa mstari. Nilipouliza waliniambia, "Bibi, tunayaweka tu." Matofali hayawekwi tu.

Yule kijana wa filamu alitukusanya wazee penye ukuta, akatusalimia vizuri, na kusema maneno ambayo bado ninayasikia.

"Bazee, bamama, museme yote, musiogope. Maneno yenu tutaenda kuyakata Bukavu."

Nikamwangalia jirani yangu. Naye alikuwa ananiangalia. Huku kwetu, mtu akikuambia atakata maneno yako, amekuambia atatoa hukumu. Hakuna maana nyingine. Kwa hiyo niliona wazi kwamba kesi yetu imepandishwa kutoka lubunga mpaka Bukavu, na hukumu itasomwa kwenye televizyo, watu wote wa mwambao wakiangalia. Tena itasomwa na mtu asiye na uso.

Yule mzee jirani alinifuata kwenye mstari wa michikichi.

"Dada, we njo uliita hawa batu?"

"Mi? Mi sina simu ya kuita hata mujukuu wangu wa kule Misisi. We njo una mutoto Bukavu."

"Mutoto wangu anauzisha simiti."

"Na matofali pia anauzisha?"

Akakohoa kidogo. "Ulimi yako haikuzeeka, dada."

"Hata macho."

Kesho yake alikuja amevaa koti, lile alilovaa kwenye harusi ya mtoto wake wa kwanza, na joto letu la mwambao mnalijua. Nilimcheka moyoni. Lakini mimi mwenyewe nilikuwa nimevaa kikwembe cha bamama wa kanisa, na kitambaa kipya kichwani. Mtu haendi mbele ya hukumu na nguo ya kulimia.

Walianza na mimi. Nilikuwa nimepanga kila kitu: mama yangu alifika lini, alijenga wapi, nani alimwona. Nilingoja niulizwe, "Hapa ni pa nani?" Hakuuliza. Aliuliza kama pamba ilikuwa inakwaruza vidole. Aliuliza tulikuwa tunakula nini kabla ya kushuka. Aliuliza kama wanawake waliimba njiani, na kama wazungu wakipita waliendelea kuimba. Nikajibu kifupi kifupi. Ndiyo. Hapana. Muhogo. Nilifikiri, huyu ni mjanja, anazunguka mlima ili aingie kijijini kwa nyuma.

Halafu akafungua kompyuta yake juu ya tofali na kunionyesha picha za zamani zinazotembea, wanawake kwenye foleni na vikapu, mzungu na kofia, mizani inaning'inia. Aliniambia picha hizo zilitunzwa Ulaya. Niliangalia sura moja moja. Hakuna niliyemjua.

"Hizi si za hapa," nikamwambia. "Sisi tuna mlima nyuma na maji mbele. Kwenye picha pote ni tambarare."

"Njo vile, mama. Ni za kule bonde la Ruzizi. Za hapa nilitafuta, sikupata."

"Na kwa filme utasema ni za hapa?"

"Apana. Nitaandika chini kama ni za Ruzizi."

Mtu anayekubali upesi namna hiyo, mimi namwangalia mara ya pili. Inawezekana ni mkweli. Inawezekana pia amejifunza kwamba ukweli mdogo unafungua mlango wa kitu kikubwa. Na kweli, baada ya hapo akaniambia, kwa upole sana, "Basi mama, utuambie we, ba nani balikuwa hapa?"

Hilo sikuweza kulijibu kifupi. Nikaanza na waliotoka upande wa Mboko, nikaja na wale wa mlimani, nikataja kila mmoja na jina la mama yake, ili asichanganywe na mwingine. Nilimtaja mama yangu. Nilimtaja hata baba ya jirani yangu kwenye mizani yake, maana alikuwepo, na shahidi anayeruka mtu huonekana. Katikati ya majina nikaona msichana amegeuza kamera, haipo tena usoni pangu. Anapiga picha ukuta. Anapiga majani. Nikanyamaza.

"Mbona unaniacha?"

"Uendelee tu, mama, sauti inaingia."

Kwa hiyo wanachukua sauti na kumwacha mwenyewe. Niliendelea, lakini majina ya mwisho niliyasema kwa sauti ya mtu anayeibiwa na kuona.

Ilipofika zamu ya mzee niliingia kwenye muhogo wangu kung'oa majani yasiyokuwepo. Maneno sikuyasikia, upepo wa ziwa uliyachukua. Nilimwona tu. Mwanzoni alisimama ameshika ncha za koti kama katekista. Baadaye mikono ikalegea. Baadaye akavua koti. Nikamwona ameweka viganja kama anashika bakuli, anakunywa hewa, halafu anacheka, na msichana amechuchumaa anaipiga picha miguu yake. Nikajiuliza, huyu anauza nini pale? Mtu anayeshtakiana na mwenzake hachekeshi hakimu bure.

Binti yangu, anayeuza vikwembe sokoni, aliporudi nilimweleza kesi imefika wapi. Alicheka mpaka akakaa chini.

"Mama, kukata yao si ya lubunga. Ni kama fundi anakata kikwembe. Anatoa kipande, anaacha kipande, anashona."

Akawaita wale vijana waje kula, ili wanionyeshe. Kompyuta ikawekwa mezani kati ya mboga ya sombe na samaki wadogo wa ndagala. Nikajiona nimekaa na kitambaa changu, nasema, "Baba ya uyu muzee alikuwa mupimaji, lakini shamba hakukuwa nayo, alikuwa tu na mizani." Kijana akasogeza kidole. Nikajiona tena, nasema, "Baba ya uyu muzee alikuwa mupimaji." Basi. Mdomo wangu ukafungwa vizuri kabisa, kama mtu aliyemaliza.

"Urudishe," nikasema. Akarudisha. "Utoe tena." Akatoa. Nilimfanyisha hivyo mpaka ndagala zikapoa.

"Na batu batajua kama kuko neno limetoka?"

"Kama kazi iko muzuri, mama, hawatajua."

Binti yangu aliona amenitoa woga. Mimi niliona kumbe sikuwa nimekosea hata kidogo. Wazee wa lubunga wanakata neno mwenye neno akiwa amekaa pale, anaweza kusimama na kusema hapana. Huyu analikatia Bukavu, na mdomo unaobaki unaonekana mzima.

"Kwa maneno ya shamba utaacha gani?" nikamuuliza.

"Ya shamba siyataki, mama. Filme yangu si tribinali ya kuhukumu batu."

"Na yule muzee ulimuambia hivyo?"

"Hakuniuliza."

Walienda. Tukakaa muda mrefu bila habari yao, na matofali hayakukaa. Yalifunikwa majani ya migomba kwa ajili ya mvua, rundo la pili likaja, halafu siku moja nikakuta kamba imevutwa na mitaro ya msingi imechimbwa, ndani kabisa ya upande wangu. Walichimba muhogo wangu na kuulaza pembeni kwa mpangilio, kama wanaonihurumia. Kurudi lubunga ningeweza, lakini kwa shahidi gani? Waliomjua mama yangu wako chini ya udongo, wengine huku, wengine ng'ambo. Bila shahidi, wazee wangetuonea huruma tena, na sehemu yangu ingekatwa tena katikati.

Filamu ilionyeshwa Jumapili, baada ya misa. Saloni ya binti yangu ilijaa majirani. Mzee naye alikuja, amebeba kiti chake mwenyewe, akakiweka mlangoni karibu na changu. Alinisalimia na nikamjibu.

Nilingoja ile sauti ya padri. Haikuja. Yalikuja maji, ukaja mlima, ukaja ukuta wetu na majani yake. Halafu jina. Halafu jina lingine. Ilikuwa sauti yangu. Kwenye picha hapakuwa na mtu, ni njia tu na majani yanayoinama, na mimi nawataja wanawake wale mmoja mmoja. Kati ya jina na jina yule kijana alikuwa ameacha nafasi, na ndani ya nafasi unasikia upepo, na mahali fulani kuku. Nilikuwa nimeyasema kwa kukimbia, najua. Yeye ndiye aliyeyapa nafasi. Watu saloni wakaanza kuitikia. "Uyu njo bibi yangu." "Uyu alizaa baba." Hata zilipokuja picha za Ruzizi, maandishi yalikuwa chini, kama alivyosema, na binti yangu akayasoma kwa sauti. Nilianza kulainika, nikajizuia. Filamu ilikuwa haijaisha.

Ndipo akatokea mzee. Uso wake ulijaza televizyo nzima, bila koti.

"Mama yangu alikufa mi mudogo," alikuwa anasema. "Baba anashinda kwa mizani. Asubuhi mi nakula kwa ule mama wa hapa chini. Jiko yake ilikuwa hapa, hapa nasimama. Uji ya muhogo, anatia karanga. Batoto yake bananinyanganya kijiko." Akashika bakuli lisilokuwepo, akanywa, akacheka. Halafu akaonyesha kwa mguu, akagusa udongo mara mbili, na kamera ikashuka kwenye mguu huo na kukaa hapo. Nyuma ya mguu unaona mstari wa michikichi, na mguu uko upande wangu. Ndipo ilipo leo mitaro ya msingi.

Neno shamba halikutajwa. Ilifuata picha ya ziwa, na filamu ikaendelea na mambo ya bei na viboko, sikuifuata tena. Binti yangu alipunguza sauti. Mzee alikuwa anaangalia miguu yake, ile ya kweli, kama inaweza kumjibu.

"Ule kijana aliniuliza tu nilikuwa nakula nini," akasema polepole.

"Na we ukamujibu."

"Nilisahau kama ni kesi."

Nimefikiri sana juu ya hilo. Miaka yote tulimuuliza mzee huyu habari ya udongo, na mdomo wake ulikuwa na kufuli. Akaja mtoto wa watu na kumuuliza uji. Sasa nikiangalia filamu za historia, siangalii tena kama wanasema kweli tu. Naangalia waliuliza nini ili mtu aseme vile, na kamera ilikaa wapi alipokwisha kusema. Hiyo ni kazi, na naiheshimu kama ninavyomheshimu mganga anayejua majani, yaani nikiwa mbali kidogo. Kwa sababu hata mimi aliniuliza uji. Kama nisingekuwa na wasiwasi siku ile, sijui ningesema nini mbele ya mwambao mzima.

Kesho yake mzee alinikuta kwenye mstari.

"Dada. Utapeleka ile filme kwa shefu?"

"Niipeleke namna gani? Nibebe televizyo kichwani?"

"Batu banaiweka kwa simu." Akang'oa jani moja. "Mujukuu yako wa Misisi alinipigia. Ananiita mutoto wa uji."

"Ukamuambia nini?"

"Ningemuambia nini? Jiko ilikuwa pale."

"Kwa lubunga ulisema hatukukuwa na jiko."

"Kwa lubunga baliuliza shamba, dada. Hawakuuliza uji."

Alisema watoto wake watatoa matofali baada ya mavuno. Nikasema leo. Akaniangalia, akaangalia nyumba za majirani, ambazo kila mlango ulikuwa na mtu anayejifanya anafagia, akawaita watoto wake. Walibeba matofali kuyarudisha juu, wananuna, na mimi nikakaa chini ya mchikichi kuhakikisha hakuna linalosahauliwa.

Mzee alikaa pembeni yangu. Halafu akasema, "Lakini ule kijana alinikata. Nilisema pia kama baba yangu njo alimuonyesha mama yako pa kujenga. Ile hakuiweka."

Nilimwangalia kuona kama anatega. Uso wake haukuwa na kitu. Inaweza kuwa kweli. Majina ya watu ninayo yote, lakini nani alimwonyesha nani pa kujenga kabla sijazaliwa, hilo sina, na aliyekuwa nalo hayupo. Inaweza kuwa uongo aliotunga usiku, baada ya kuona mguu wake kwenye televizyo. Jibu liko Bukavu, ndani ya kompyuta ya yule kijana, kwenye vile vipande alivyotoa.

"Pengine uliisema," nikamjibu, "na pengine hapana."

"Niliisema."

Matofali ya mwisho yalipopita mstari, nilienda kuchukua miti ya muhogo na panga. Mitaro ya msingi sikuifukia. Udongo ulikuwa umeshalegea, kazi walikuwa wamenifanyia. Nikakata miti vipande vipande na kuipanda humo humo, kutoka mwanzo wa mtaro hadi mwisho, mzee ananiangalia, maana nilitaka ishike mizizi kabla yule kijana hajarudi na yale maneno aliyoyaacha.